Ile dhahabu siyo ujalidi

Kila picha ya Codex Aureus ya Mtakatifu Emmeram, kitabu cha Injili chenye jalada la dhahabu na vito, inapozunguka kwenye simu za watu, maelezo yake huwa yaleyale: hivi ndivyo watawa wa kale walivyojalidi vitabu. Hapana. Kinachoonekana pichani ni kazi ya sonara. Ujalidi, yaani kushona kurasa na kuzifunga kwenye mbao, umejificha chini yake, na ndio unaokiwezesha kitabu cha mwaka 870 kubaki kitabu mpaka leo huko Munich, badala ya kuwa furushi la ngozi ndani ya kasha la thamani.

Waliokitengeneza kitabu cha aina hii walijua tofauti hiyo vizuri. Katika karne ya 10 padri Aldred aliongeza maneno mwishoni mwa Injili za Lindisfarne, kitabu cha kale cha Uingereza, akataja kila mtu kwa kazi yake: Eadfrith aliandika, Æthelwald akakifunga kitabu na kukivika kwa nje, kisha Billfrith, mtawa aliyeishi upwekeni, akafua mapambo ya dhahabu, vito na fedha iliyopakwa dhahabu. Mjalidi na sonara ni watu wawili. Kazi ya Billfrith imepotea yote. Lile jalada la fedha na vito ambalo watu hulisifia kama la karne ya 8 lilitengenezwa mwaka 1853, kwa gharama ya Edward Maltby, Askofu wa Durham.

Tuanze na ngozi, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Ngozi ya kuandikia haikudabaghiwa. Ililowekwa kwenye chokaa, ikawambwa kwenye fremu, ikaparuzwa na kukaushwa ikiwa imevutwa. Ndiyo maana unyevu ukiingia inalegea na kujikunja, kana kwamba inatafuta umbo la ndama iliyetoka kwake. Kitabu cha ngozi kisichobanwa hutanuka kama mkate uliotiwa hamira. Mbao nene na vibano vya ukingoni viliwekwa kwa ajili hiyo: kukikandamiza kitabu. Kibano kikikatika, kurasa hufura upande wa mbele, mbao husukumwa nje, na uzito wote huangukia kwenye uti, yaani mgongo wa kitabu. Chumba cha kuhifadhia kikikaa karibu na asilimia 50 ya unyevu, ngozi hutulia. Unyevu ukipanda na kushuka kila siku, hakuna jalada litakaloinusuru, liwe la dhahabu au la mbao tupu.

Sasa mshono. Mkunjo wa kawaida ni ngozi nne zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine: majani 8, kurasa 16. Hupangwa upande wa manyoya utazamane na upande wa manyoya, na upande wa nyama na wenzake, ili kitabu kikifunguliwa rangi zilingane. Tangu enzi za Charlemagne, mfalme wa Wafranki aliyetawala karibu na mwaka 800, mafundi wa Ulaya Magharibi walishona mikunjo hiyo kwa uzi wa kitani kwa kuuzungusha kwenye kamba nene zilizolala kukatiza uti. Ncha za kamba ziliingizwa kwenye mifereji iliyochimbwa ndani ya ubao, mara nyingi mwaloni, zikakazwa kwa vigingi vya mti. Hapo ndipo ubao na kurasa vinapokuwa kitu kimoja. Juu yake huja ngozi ya kufunikia, mara nyingi nyeupe, iliyotibiwa kwa shabu. Kazi ya mjalidi imeisha. Vitabu vingi sana viliishia hapo na kutumika hivyo kwa mamia ya miaka.

Sonara anakuja baada ya hapo, au anafanya kazi kwenye ubao uliotengwa. Bamba jembamba la dhahabu hulazwa juu ya lami na kugongwa kwa nyuma hadi sura ya Kristo itokeze mbele. Mashimo ya nyuma hujazwa nta au utomvu ili sura isibonyee, kisha bamba hupigiliwa misumari midogo kwenye ubao. Vito vilisuguliwa tu vikawa na mgongo wa mviringo, maana ukataji wa pande nyingi ulikuja karne nyingi baadaye. Ukiona kito chenye pande kali kwenye jalada la karne ya 9, jua kimewekwa na fundi wa baadaye.

Kinachonikera zaidi ya yote ni dhana kwamba jalada na kitabu chake vina umri mmoja. Misumari ikiweza kupigiliwa, inaweza kung'olewa. Zitazame Injili za Lindau, zilizoko Morgan Library mjini New York. Maandishi ni ya watawa wa St. Gallen, mwishoni mwa karne ya 9. Jalada la mbele ni la dhahabu na vito, la kati ya miaka ya 870 na 880 hivi. Jalada la nyuma ni la karne ya 8: ni kuukuu kuliko kitabu chenyewe, na lilitengenezwa kwa ajili ya kitabu kingine. Vitu vitatu, na maelezo ya mtandaoni huvipa tarehe moja.

Namna ya kukagua ipo, na haianzii kwenye dhahabu. Hesabu matundu ya misumari kwenye ubao: yakizidi misumari iliyopo, bamba limehamishwa. Fungua katikati ya mkunjo uhesabu matundu ya sindano. Ukikuta safu mbili, kitabu kimeshonwa upya. Linganisha matundu hayo na mifereji ya kamba ndani ya ubao, maana visipokutana, ubao huo ulizaliwa na kitabu kingine. Fuata njia ya dumuzi: tundu likitoboa ubao na kuendelea hadi majani ya kwanza, viwili hivyo vimekaa pamoja muda mrefu. Kutu ya chuma na ukijani wa shaba navyo huacha alama kwenye jani la kwanza, na alama hizo hazina budi kulingana na misumari iliyopo juu yake. Hata hivyo, majalada mengi yaliyo kwenye makumbusho hayajawahi kuvuliwa yakaguliwe hivyo, na ni sawa, kwa sababu kuvua ni kuharibu. Basi tarehe nyingi mnazosoma zimekadiriwa kwa mtindo wa mapambo tu, na mtindo wenyewe umepangwa kwa kutumia majalada mengine yaliyokadiriwa vivyo hivyo. Ingefaa makumbusho yaiseme hali hiyo wazi kwenye vibao vyao.

Kuhusu Kitabu cha Kells, kitabu cha Injili cha Ireland kilichoibwa mwaka 1007: kumbukumbu za Ulster zinakisifu kwa sababu ya cumdach yake, na kusema kilipatikana baada ya miezi miwili na usiku ishirini, dhahabu imebanduliwa, kimefunikwa kwa bonge la udongo wenye nyasi. Wengi hutafsiri neno hilo kuwa jalada. Kwa Waireland, cumdach ilikuwa pia kasha la kukifungia kitabu kitakatifu, kwa hiyo kudai kwamba Kells ilikuwa na jalada la dhahabu ni kulibebesha neno mzigo usio wake.

Ukitaka kuona ujalidi wenyewe, tazama Injili ya Mtakatifu Cuthbert, ya mwanzoni mwa karne ya 8, iliyokutwa ndani ya jeneza lake huko Durham mwaka 1104. British Library ilikinunua kitabu hicho mwaka 2012 kwa pauni milioni 9. Ni kidogo, kinatosha kiganjani, na hakina hata chembe ya dhahabu. Kina mbao, ngozi nyekundu ya mbuzi, na mshono wa mnyororo usiotumia kamba: uzi unapita kutoka mkunjo hadi mkunjo ukijikamata wenyewe. Ni mshono wa Wakristo wa Misri.

Mshono wa ukoo huohuo haujafa Ethiopia. Mafundi wa huko hushona moja kwa moja kwenye mbao, mara nyingi za wanza, mti ambao sisi tunauita mringaringa, na kitabu hupewa mahdar, mfuko wa ngozi wenye mshipi wa kukitundikia ukutani. Ubao ukipasuka hautupwi. Hutobolewa kando ya ufa, pande zote mbili, ukashonwa kwa uzi au waya, na kitabu kikarudi kwenye ibada.