"Huku hakifiki": maneno ya barazani kuhusu kimbunga

Redio ikitaja kimbunga, barazani kwetu Pemba hakosi mtu wa kusema: "Hicho cha Msumbiji, huku hakifiki." Yana nusu ya ukweli, ndiyo maana yanapendwa. Karibu na ikweta upepo haupati mzunguko wa kuzaa kimbunga, nasi tupo nyuzi 5 tu kusini yake. Lakini kufika kwa nadra si kutofika. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikabomoa nyumba, ikazamisha vyombo vya Sultani Sayyid Barghash na kung'oa mikarafuu mingi kisiwani. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Ukiuliza kwa nini karafuu zimekuwa za Pemba, sehemu ya jibu ni upepo ule. Tulipona, tukafaidika, tukasahau. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia, boti za Dar na Unguja zilisimamishwa.

"Sisi wa shamba, bahari iko mbali." Mbali wapi? Upana wa Pemba haufiki hata kilomita 25! Kweli, wimbi halitakufuata bondeni, ila mvua itakufuata. Maji ya vilima yote huteremkia kwenye mpunga, na aliyejenga ukingoni huamkia ndoo zinaelea uvunguni. Vyoo vikifurika, kisima huingia uchafu na maji yake yakabaki maangavu vilevile. Yachemshe, usiyaamini kwa macho.

Wengine husubiri upepo unyamaze, watoke kutazama hasara. Kimbunga kina jicho, na humo huwa kimya kabisa. Likishapita, upepo hurudi kutoka upande wa pili, na bati lililolegea mwanzo ndilo linaloruka sasa.

Na bati ndilo linaloniudhi zaidi, maana kila mtaa utaona mawe na matairi yamepangwa juu yake. Upepo mkali haulikandamizi bati, hulinyanyua. Jiwe litashuka kichwani kwa mtu. Kinachoshika ni misumari ya kofia, hasa pembezoni, na waya unaofunga paa kwenye ukuta.

Halafu kuna ule mnazi uliolalia jikoni, tunaosema kila mwaka tutaukata masika yakiisha. Tufani ile ya 1872 ilikuja masika, na Hidaya vilevile.