Mgonjwa ndiye asogezwe: maswali na majibu kuhusu mkao wa daktari wa meno na mgonjwa wake

Kazi ya kukaa inawezaje kuumiza shingo na mgongo?

Kinachoumiza ni kutulia. Mdomo ni tundu dogo, lenye giza, na jino la mwisho liko mbali ndani. Daktari akishaliona, hutuliza kichwa, bega na kiwiko mahali pamoja kwa dakika nyingi, na msuli uliokazwa bila kulegea hupata damu kidogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi, na kadiri kinavyoinama mbele ndivyo misuli ya kisogo inavyozidi kukivuta kisianguke.

Kwa kazi ya kutulia namna hii, kichwa kisiiname zaidi ya nyuzi 20 hadi 25, kiwiliwili kisizidi nyuzi 10 hadi 20, na mkono usiachane na ubavu zaidi ya nyuzi 20. Kiwiliwili kisipindwe upande. Wanaoumia wengi si kwamba hawavijui vipimo hivi. Wanaharakisha kuanza kazi kabla mgonjwa hajawekwa sawa, kisha mgongo wao unalifuata jino lilipo.

Daktari aanzie wapi?

Ajiweke sawa yeye kwanza, ndipo amlete mgonjwa kwenye mkao huo. Kosa la kawaida ni kumlaza mgonjwa, halafu daktari kujikunja amfikie.

Kaa hadi nyuma kabisa ya stuli, egemeo likushike kiunoni. Nyayo zote mbili zitue sakafuni, na stuli ipande mpaka magoti yawe chini kidogo ya nyonga, paja na kiwiliwili vikifanya pembe ya nyuzi 110 hivi. Stuli ikiwa chini mno nyonga hubinukia nyuma, ule mbonyeo wa kiuno hupotea, na mgongo mzima huwa upinde. Pedali ya kuendeshea mashine ya meno nayo iwe karibu, maana ikiwa mbali mguu mmoja hunyooka na uzito wote huangukia nyonga moja.

Sasa fumba macho. Shusha mabega, acha viwiko viguse mbavu, kisha kutanisha ncha za vidole mbele ya kifua pale panapokuja bila kujilazimisha. Fumbua macho uangalie: hapo vidole vilipo ndipo mdomo wa mgonjwa unapotakiwa kuwa. Kwa wengi ni usawa wa kiwiko au juu yake kidogo, sentimita 35 hadi 40 kutoka machoni. Kiti cha mgonjwa kipande au kishuke mpaka mdomo ufike hapo. Kikiwa juu mno mabega hupanda kuelekea masikioni. Kikiwa chini mno shingo huinama.

Mgonjwa alazwe vipi?

Jino linalotibiwa ndilo linaloamua.

Kwa meno ya juu, mgonjwa alale chali kabisa, kidevu kikiinuliwa juu. Chukulia rula imelazwa kwenye meno yake ya juu: ncha yake ya nje ielekee darini, au iegemee kidogo, hadi nyuzi 20 hivi, upande wa utosi. Egemeo la kichwa lisipobinuliwa nyuma kiasi hicho, daktari atainama kuchungulia kwa chini, na hapo ndipo shingo nyingi zinapoharibikia.

Kwa meno ya chini, inua egemeo la mgongo nyuzi 20 hivi, sukuma egemeo la kichwa mbele, kidevu kishuke kuelekea kifuani, ili magego ya chini yatazame juu kadiri inavyowezekana. Shusha na kiti chote, kwa sababu mdomo umepanda pamoja na mgongo.

Kila badiliko la taya ni badiliko la kiti. Inachukua sekunde chache, na ni sekunde hizo ambazo hurukwa siku yenye foleni ndefu.

Angalia utosi pia. Egemeo la mgongo linaposhushwa mgonjwa huteleza kuelekea miguuni, na kati ya utosi wake na ukingo wa egemeo hubaki nafasi ya kiganja kizima au zaidi. Nafasi hiyo daktari ataifidia kwa kuinama. Kwanza inua sehemu ya magoti, ndipo ulaze mgongo, kisha mwambie mgonjwa ajisogeze juu mpaka utosi ufike ukingoni. Mtoto naye hivyo hivyo: kichwa chake kifike ukingoni hata kama miguu itaishia katikati ya kiti.

Kichwa cha mgonjwa kinaweza pia kugeuzwa kulia au kushoto. Ni cha kuombwa tu: "Geukia kwangu kidogo", "Geukia ukutani". Ombi hilo humwokoa daktari na kupinda kiuno.

Daktari akae upande gani?

Huelezwa kwa uso wa saa uliowekwa juu ya kichwa cha mgonjwa, utosi ukiwa kwenye 12. Hapa tunataja namba iliyoandikwa kwenye saa, si saa kama tunavyoitamka, la sivyo 9 na 3 zitabadilishana. Anayetumia mkono wa kulia hufanya kazi nyingi kati ya namba 9 na 12. Wa kushoto ni kinyume chake, kati ya 12 na 3. Kwenye namba 8 na chini yake kiuno hujipinda na mkono wa kulia huinuka, kwa hiyo pasikaliwe muda mrefu.

Kwa sehemu kubwa ya meno ya juu, 11 hadi 12 pamoja na kioo cha mdomoni hutosha. Kutazama kwa kioo ni ustadi unaohitaji mazoezi, lakini asiyeuzoea ataendelea kuchungulia kwa shingo. Na kiti kilichosukumwa mpaka ukutani huiziba kabisa nafasi ya 12.

Msaidizi wa daktari anayetumia mkono wa kulia akae kati ya 2 na 4, juu ya daktari kwa sentimita 10 hadi 15, nyayo zikiwa kwenye duara la kukanyagia la stuli yake. Vifaa vipitishwe chini ya kidevu cha mgonjwa, kamwe si juu ya macho.

Na taa?

Mwanga ufuate njia ya macho. Taa iwe karibu na kichwa cha daktari, juu au pembeni kidogo. Ikitoka mbali na hapo, mkono wake mwenyewe unatia kivuli, naye anahamisha kichwa kuukwepa. Miwani ya kukuza husaidia iwapo pembe yake inamruhusu kutazama chini bila kuinamisha shingo. Isiyopimwa kumfaa mvaaji huongeza maumivu.

Kung'oa jino je, ambako wengi husimama?

Kwa jino la juu, egemeo la mgongo lilazwe nyuma kiasi, mdomo uwe usawa wa kiwiko. Kwa la chini, mgonjwa akae wima zaidi na kiti kishuke, mdomo uwe chini ya kiwiko. Anayetumia mkono wa kulia husimama mbele kuliani mwa mgonjwa, ila kwa magego ya chini kulia huenda nyuma yake. Nguvu itoke begani na mwilini, si kwenye kifundo cha mkono. Mkono wa pili ulishike taya, kwani taya lisiloshikiliwa huumia kwenye maungio.

Nani asilazwe chali kabisa?

Mjamzito wa miezi ya mwisho, kwa sababu mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, naye huweza kuona kizunguzungu, kutoka jasho na kuzirai. Mto mdogo chini ya nyonga ya kulia humlaza kidogo kushoto. Akijisikia vibaya, ageuzwe kabisa ubavu wa kushoto. Mwenye moyo ulioshindwa kazi au anayekosa pumzi akilala awekwe nusu wima. Mzee mwenye shingo ngumu awekewe taulo iliyokunjwa, asilazimishwe kushusha kichwa.

Matibabu yakiisha, kiti kiinuliwe polepole na mgonjwa akae dakika moja au mbili kabla ya kusimama, hasa anayetumia dawa za presha.

Mgonjwa mwenyewe asaidie nini?

Afungue nywele zilizofungwa kifundo kisogoni, maana hukisukuma kichwa mbele na egemeo halikai. Aseme mapema kama ni mjamzito, au ana shida ya shingo, moyo au kupumua. Akichoka taya, ainue mkono wa kushoto badala ya kugeuza kichwa ghafla kifaa kikiwa mdomoni.

Ni dalili gani daktari asizipuuze?

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha usiku, maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi mkononi, au kifaa kumponyoka bila sababu. Hizo hazingoji likizo. Akapimwe, na wakati huohuo mwenzake amtazame akiwa kazini na kumpiga picha ya ubavuni, kwa sababu aliyejikunja mara nyingi huhisi amenyooka.