Baga haiozi kwa sababu ya dawa? Hapana, imekauka

Ile meseji ya baga ya mgahawa wenye matawi iliyokaa miezi bila kuoza imerudi tena kwenye magrupu ya huku Tanga, inasema wanaweka dawa ya kuhifadhia maiti ndo maana haioti ukungu. Jamani sio kweli. Ile nyama ni nyembamba, inachomwa kwenye bati la moto maji mengi yanatoka, ukiiacha wazi inakauka kabla ukungu haujaanza, ni kama ng'onda tu, yule samaki wa kukaushwa.

Ukitaka kuhakikisha, kaanga vipande viwili vyembamba vya nyama ya kusaga jikoni kwako, kimoja kiache sehemu kavu yenye upepo, kingine kifungie kwenye kontena, hicho cha kontena ndo kitaota ukungu, na ya mgahawani ukiifungia hivyo hivyo nayo itaota. Japo unyevu wetu wa pwani unaweza kuiozesha hata ile ya wazi.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu wanaona picha tu, hawaoni ilikaa wapi. Chakula cha nyumbani kina uzuri wake, chumvi na mafuta unapima mwenyewe, hilo halihitaji uongo. Basi meseji hiyo ikikufikia usiifowadi, na aliyekutumia mweleze taratibu.