Mizani Haipimi Nguvu: Dhana Potofu Kuhusu Kupotea kwa Misuli Baada ya Ugonjwa Mkali wa Virusi

Mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan uliotangazwa Mubende, Uganda, tarehe 20 Septemba 2022 ulimalizika rasmi tarehe 11 Januari 2023, ukiwa umeacha wagonjwa 142 waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara, ambao 55 kati yao walifariki na 87 wakapona. Hesabu ya namna hiyo, kama zile za korona tulizokuwa tukisomewa redioni mwaka 2020 na 2021, humweka kila aliyetoka wodini akiwa hai katika safu moja ya waliopona. Haielezi kama mtu huyo anaweza kuinuka kutoka kwenye choo cha shimo bila kushika ukuta, wala kama anaweza kuinua jerikeni ya lita 20 aliyokuwa akiibeba kila asubuhi kabla hajaugua. Hapo ndipo suala la misuli linapoanzia, na hapo ndipo dhana potofu zinapojazana, nyingine zikiwa za majirani na nyingine zikiwa zetu sisi wenyewe tunaowahudumia wagonjwa.

“Kilo zimerudi, kwa hiyo mzee amepona.”

Mizani hujumlisha mifupa, mafuta, maji na misuli, kisha hutoa namba moja isiyotenganisha chochote. Mgonjwa aliyepewa maji mengi ya mishipani anaweza kuvimba miguu na kuongezeka kilo kadhaa huku misuli ya mapaja ikizidi kusinyaa chini ya uvimbe huo. Uvimbe unapoisha ndipo familia inaposhtuka kuona miguu ilivyobaki. Baadaye hutokea kinyume chake. Hamu ya kula inarudi, matoke na posho (ugali) vinaliwa kwa wingi, lakini mgonjwa bado anashinda kitandani au kwenye mkeka, na kilo zinazoongezeka huwa za mafuta zaidi kuliko za misuli.

Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu yao kushindwa kufanya kazi ghafla. Walipotoka katika chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao wa awali. Mwaka mmoja baadaye, umbali wa kati waliotembea kwa dakika sita ulikuwa mita 422, yaani asilimia 66 ya umbali uliotarajiwa kwa watu wa umri na maumbile yao, na walipoulizwa sababu walitaja udhaifu wa misuli na uchovu. Mizani peke yake isingeweza kusema hilo.

“Alilala wiki moja tu, misuli haiwezi kuisha upesi hivyo.”

Inaweza. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima wagonjwa mahututi 63 kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile ya ultrasaundi inayotumiwa kwa kina mama wajawazito, na ukaonyesha kwamba eneo la msuli wa mbele ya paja lilipungua kwa asilimia 17.7 katika siku 10. Waliopungukiwa zaidi ni wale ambao viungo vyao vya ndani vilishindwa zaidi ya kimoja. Kulala ni sehemu tu ya sababu. Mwili unaopigana na virusi huvunja protini za misuli ili kupata malighafi ya kinga na ya nishati, mgonjwa naye hawezi kula, na dawa nyingine huongeza mzigo: deksamethasoni, ambayo imeokoa wagonjwa wengi wa korona waliohitaji oksijeni, ni ya jamii ya dawa ambazo zikitumiwa kwa kiwango kikubwa na kwa muda mrefu hudhoofisha misuli. Hakuna anayepaswa kuiogopa kwa sababu hiyo. Ni sababu ya kupima mapema, mara tu mgonjwa anapoweza kufuata maelekezo.

“Mama mnene kama yule hana hatari hiyo.”

Unene huficha upungufu. Hata utepe wa kupimia mzingo wa mkono, ambao wahudumu wa afya wa vijijini wanaufahamu sana kwa sababu ya watoto wenye utapiamlo, huzungushwa juu ya ngozi, mafuta, msuli na mfupa kwa pamoja. Ikiwa kuna koleo la kupimia unene wa mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono, msuli unaweza kukadiriwa kwa hesabu ya shule: chukua mzingo wa mkono kwa sentimita, kisha toa unene wa mkunjo uliozidishwa kwa 3.14. Tuchukue watu wawili wenye mzingo wa sentimita 26. Wa kwanza ana mkunjo wa sentimita 2, na mzingo wa msuli wake unabaki takriban sentimita 19.7, wa pili ana mkunjo wa sentimita 0.8, na wake unabaki takriban 23.5. Utepe uliwaona sawa. Ni kadirio tu, na uvimbe hulivuruga, lakini linatosha kumfanya mpimaji asidanganywe na umbo la mtu.

“Damu ionyeshe albumini, tutajua hali ya misuli.”

Albumini, protini iliyomo kwenye damu, hushuka kwa sababu ya uvimbeuchungu (mwitikio wa mwili unaopambana na maradhi), ugonjwa wa ini au upotevu kupitia figo. Haipimi misuli, na fedha za kipimo hicho zingefaa zaidi kununua mayai.

“Bila mashine kubwa hatuwezi kupima chochote.”

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu inatolewa na watu wenye elimu na inahalalisha kutofanya kitu. Ni kweli kwamba picha za CT na vipimo maalumu vya mionzi vinavyotenganisha mafuta na misuli ni vigumu kupatikana mbali na Kampala. Lakini jopo la wataalamu wa Ulaya lililorekebisha mwongozo wake kuhusu upungufu wa misuli, mwongozo unaojulikana kama wa mwaka 2018, liliweka nguvu mbele ya ukubwa wa msuli: udhaifu ukionekana, upungufu unashukiwa na matibabu yanaweza kuanza, huku picha zikibaki za kuthibitisha.

Kipimo cha kwanza kinahitaji kiti na saa. Mgonjwa huketi kwenye kiti imara kisicho laini, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kisha husimama wima na kuketi mara tano haraka kadiri awezavyo bila kujihatarisha. Akitumia zaidi ya sekunde 15, nguvu za miguu yake zinatia shaka, na asiyeweza kusimama hata mara moja bila mikono hahitaji saa kumwelewa. Cha pili ni mwendo: pima mita nne kwenye baraza, mwache atembee kwa mwendo wake wa kawaida, na kasi isiyozidi mita 0.8 kwa sekunde, yaani sekunde tano au zaidi kwa mita hizo nne, ni ishara ya upungufu mkubwa. Kwa aliyeugua mapafu, mwendo unaweza kukatizwa na pumzi kabla ya misuli kuchoka, ndiyo maana ni vyema kuwa na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kumuuliza kilichomsimamisha, na kusitisha zoezi akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu.

Kwa aliye bado kitandani kuna kipimo cha mikono ya mpimaji tu. Hujaribiwa miondoko sita kila upande: kuinua mkono kando ya bega, kukunja kiwiko, kuinua kiganja, kuinua paja, kunyoosha goti, na kuvuta unyayo kuelekea juu. Kila mwondoko hupewa alama kuanzia 0, ambapo msuli hausogei kabisa, kupitia 3, ambapo kiungo kinainuka dhidi ya uzito wake chenyewe, hadi 5 ambayo ni nguvu kamili. Jumla ya juu ni 60, na chini ya 48 huhesabiwa kuwa udhaifu mkubwa wa wagonjwa mahututi. Kinachohitajika ni mgonjwa aliyeamka na anayeelewa lugha anayozungumziwa. Katika wodi ambamo Mkonjo, Mlugbara na dereva wa lori kutoka Kongo wanalala mstari mmoja, Kiswahili huokoa kipimo hicho mara nyingi.

“Kiwango ni kimoja kwa watu wote.”

Kwa dainamomita, kile kifaa cha kupima nguvu ya mshiko, Wazungu wameweka udhaifu kuwa chini ya kilo 27 kwa wanaume na chini ya 16 kwa wanawake, wakati mwongozo wa Asia wa mwaka 2019 unasema 28 na 18. Kutofautiana kwao kunatosha kutuonya. Mwanamke wa Kasese aliyelima kwa jembe miaka thelathini anaweza kushuka kutoka kilo 34 hadi 22, akapita mipaka yote miwili na kuandikiwa kuwa mzima, ilhali amepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake. Kwa kuwa ni nadra kupata kipimo cha kabla ya ugonjwa, historia huchukua nafasi yake: alikuwa akibeba nini, akipanda mlima upi, akipanda bodaboda bila kusaidiwa? Kisha apimwe tena baada ya wiki nne au sita, kwani kwa maoni yangu vipimo viwili vya mtu mmoja vina thamani kuliko kimoja kinacholinganishwa na watu wa Ulaya.

“Usimshike mkono aliyepona Ebola.”

Dhana hii huzuia upimaji wenyewe. Mtu huruhusiwa kutoka kituo cha matibabu baada ya dalili kwisha na damu yake kupimwa na kukutwa haina virusi, na kumshika mkono au kumsaidia kusimama hakumwambukizi mtu. Virusi vinaweza kubaki kwa muda katika shahawa na katika maeneo machache kama ndani ya jicho, na ushauri kuhusu hayo hutolewa faraghani. Maumivu ya viungo na uchovu ni malalamiko ya kawaida ya manusura, kwa hiyo mpimaji aulize kama mgonjwa ameshindwa kwa udhaifu au amejizuia kwa maumivu.

“Udhaifu wote ni wa misuli, utapita.”

Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kuelekea juu kwa siku chache, hasa ukiambatana na ganzi, ugumu wa kumeza au wa kupumua, unaweza kuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofuata maambukizi, nao unahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mkojo wa rangi ya chai pamoja na maumivu makali ya misuli.

“Awekewe dripu, nguvu zitarudi.”

Lita moja ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari na haina protini hata kidogo. Msuli hujengwa na protini pamoja na kazi: maharage, mukene (dagaa), karanga na mayai kila siku, na kusimama kitini mara kadhaa asubuhi na jioni, akiongezewa kidogo kidogo. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri kuhusu kiasi cha protini.

Matokeo yaandikwe katika lile daftari la shule ambalo wagonjwa wetu wengi hubeba kwenda kliniki: tarehe, sekunde za kusimama mara tano, sekunde za mita nne, mkono uliopimwa, na kiti kilichotumiwa pamoja na kimo chake, kwa sababu kigoda kifupi cha jikoni na benchi la zahanati haviwezi kutoa sekunde zinazolinganishwa.