Mguu wa Mbele Ndio Unaorusha Mkuki

Vijana wanaorusha mkuki huniandikia swali moja kila mara: "Kocha, nipe zoezi la kuongeza nguvu za mkono." Nami huwauliza: mguu wako wa kushoto ukoje? Wengi hawaandiki tena. Wanadhani nimewakwepa, na wengine huenda kwa kocha wa jimu ambaye atawapa walichotaka, yaani mikono minene.

Mkuki wa wanaume una gramu 800, wa wanawake gramu 600. Uzito huo hata mtoto wa shule anaubeba bila shida, kwa hiyo nguvu ya kuuinua si kitu. Kazi ni kuupa mwendo. Ili ufike mita 90 hivi, lazima utoke mkononi kwa kasi inayokaribia mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mkono wa binadamu peke yake hauwezi kuzalisha kasi hiyo, hata ungekuwa mnene kama paja. Msimamishe mrushaji hodari mahali pamoja, mwambie arushe bila kukimbia, uone atapoteza mita ngapi.

Kasi hiyo hutoka kwenye mbio, na hufika kwenye mkuki kupitia mguu wa mbele. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, ni mguu wa kushoto. Anakuja mbio, anapiga zile hatua za kupishanisha miguu huku mwili umelala nyuma kidogo na mkono umenyooka nyuma, kisha anaukita mguu wa kushoto mbele ukiwa umenyooka, kisigino kwanza. Hapo kila kitu kinagoma. Umewahi kusimama ndani ya matatu, dereva akafunga breki ghafla? Miguu inabaki, kifua kinaenda. Mrushaji anajifungia breki mwenyewe kwa makusudi: nyonga inasimama, kiwiliwili kinafyatuka, kifua kinamwachia bega, bega linaachia kiwiko, kiwiko kinaachia kiganja. Kila kiungo kinasimama na kumkabidhi mwenzake kasi, na kwa kuwa kila anayepokea ni mwepesi kuliko aliyempa, mwendo unazidi kupanda hadi kwenye vidole.

Goti la mguu ule likikunjika, breki imeteleza. Kasi inamezwa na paja, na mkono unabaki ukifanya kazi ya mwili mzima. Hapo ndipo kiwiko kinapochanika.

Tazama mrusho wa Julius Yego katika fainali ya mashindano ya dunia kule Beijing, Agosti 2015: mita 92.72. Ulikuwa mrusho wake wa tatu, na ulimpa Mkenya ubingwa wa dunia katika michezo ya kurusha na kuruka kwa mara ya kwanza, nchi ambayo medali zake zote zilizoea kutoka kwa wakimbiaji. Watu wengi wanakumbuka jinsi alivyoanguka kifudifudi baada ya kuuachia. Wakaona ni mbwembwe, au ni ajali. Mimi naona mtu aliyeifikisha mbio yake yote kwenye mguu mmoja bila kubakiza kitu, na kilichosalia baada ya mkuki kwenda kilikuwa mwili tu, ukaanguka. Yego si mrefu ukimlinganisha na Wajerumani na Wacheki aliokuwa akishindana nao. Mrefu ana mkono mrefu, na mkono mrefu una faida yake. Mfupi hana budi awe na breki nzuri zaidi.

Sasa tuje kwenye vyuma, maana sijasema tusivinyanyue.

Msuli ni mkusanyiko wa nyuzi, na nyuzi hizo zimegawanywa katika vikundi, kila kikundi kikipokea amri kutoka kwa neva moja. Mwili una ubahili wake: huita vikundi vidogo kwanza, na vile vikubwa vyenye nguvu nyingi huitwa mwishoni kabisa, mzigo ukiwa mzito au mwendo ukiwa wa kasi sana. Mtu ambaye hajafanya mazoezi hawezi kuviita vyote kwa pamoja, tena kwa haraka. Ndiyo maana wiki za kwanza za kunyanyua vyuma uzito unapanda haraka huku futikamba ikionyesha mkono ni ule ule. Kilichokua ni mawasiliano kati ya neva na msuli. Kuna jambo lilionekana Marekani, Chuo Kikuu cha Yale, tangu 1894, ambalo bado linawashangaza wanafunzi wangu: mtu akizoesha mkono mmoja, ule mwingine ambao haukufanya lolote nao unaongezeka nguvu. Nyama haiwezi kuhama kutoka mkono hadi mkono. Kilichojifunza ni ubongo na uti wa mgongo.

Kwa hiyo ninapompa kijana chuma, namfundisha neva zake kupiga kelele kwa pamoja na mapema. Kuanzia mguu wa mbele kugusa chini hadi mkuki kutoka mkononi ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, au zaidi kidogo. Msuli unahitaji muda mrefu kuliko huo kufikia kilele cha nguvu zake. Maana yake, kijana anayechuchumaa na kilo 200 mabegani polepole anaweza kushindwa na mwenye kilo 140 anayezisukuma kama anafukuzwa, kwa sababu uwanjani hakuna anayekusubiri uzikusanye nguvu zako. Jan Železný wa Jamhuri ya Czech, mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48 tangu 1996, alikuwa na kilo chini ya 90. Ukimpitisha kwenye jimu za mjini leo, mabaunsa wasingemwachia hata benchi.

Nakiri sina subira na mabaunsa. Kifua kikijazwa bila mpango, bega linafungwa kwa mbele, na mrushaji anayeshindwa kupeleka mkono nyuma amepoteza nusu ya njia ya mkuki. Vijana wangu wanachuchumaa na chuma, wananyanyua chuma kutoka sakafuni hadi mabegani kwa mkupuo mmoja, wanarusha mpira mzito kwa mikono miwili kutoka nyuma ya kichwa, wanalala kwenye benchi na kuvuta uzito kutoka nyuma ya kichwa hadi kifuani. Halafu kuna zoezi ambalo hawalipendi kabisa: kushuka kutoka kwenye kisanduku na kutua kwa mguu mmoja, goti likiwa karibu kunyooka, na kubaki pale pale. Kuruka juu kuna raha yake. Kutua na kunyamaza ni kazi. Naanza na kisanduku kisichozidi kimo cha ndala tatu zilizopangwa, na wengi huyumba. Kifundo kinacheza, goti linaingia ndani, mikono inatafuta hewa ya kushika. Huyo ndiye aliyetaka nimwongeze nguvu za mkono.

Na hapa ndipo nguvu inapokutana na jambo ambalo halionekani kwenye kioo cha jimu: mwili kujijua ulipo.

Ndani ya misuli kuna vipokezi vinavyopima umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Kwenye kano kuna vingine vinavyopima mvuto. Viungo vina vyake, ngozi ya unyayo ina vyake, na sikio la ndani linapima kichwa kimeelekea wapi. Vyote vinatuma habari bila kukoma, na wewe huna habari navyo. Fumba macho, gusa pua yako. Umefika bila kuuliza njia.

Mwingereza mmoja, Ian Waterman, alipoteza hisi hiyo mwaka 1971 akiwa na miaka 19, baada ya ugonjwa kuharibu neva zake kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa mizima na neva za kupeleka amri zilikuwa nzima, ila mwili haukurudisha habari. Hakuweza hata kuketi. Alijifunza upya kutembea kwa kutazama kila kiungo kwa macho, na taa zikizimika ghafla, anaanguka. Huwa nawasimulia vijana habari hii wanaponiambia kwamba nguvu ndiyo kila kitu. Nguvu alikuwa nazo.

Mrushaji wa mkuki anaishi karibu na shida hiyo kuliko mkimbiaji. Mkono wake uko nyuma, haoni. Nyonga zake zinatangulia mabega, haoni. Ndani ya ile sehemu ya kumi ya sekunde, habari ikitoka unyayoni hadi ubongoni na kurudi kama amri, mkuki umekwisha kwenda au unakaribia. Hakuna kurekebisha katikati. Lazima mwili uwe umejua kabla.

Kwa hiyo simu tunaitumia, lakini kwa utaratibu. Kijana anarusha, mwenzake anarekodi kutoka ubavuni. Kabla sijamwonyesha, namuuliza: kiwiko kilikuwa juu ya bega au chini? Mguu ulitua kabla ya nyonga kugeuka, au pamoja? Anajibu, ndipo tunatazama. Mwanzoni majibu na picha havipatani hata kidogo. Anaapa kiwiko kilikuwa juu, na kwenye picha kiko usawa wa mbavu. Hacheki mtu, maana zamu yake inakuja. Baada ya msimu mmoja wa kubahatisha hivyo, ananiambia kosa lake kabla hata mkuki haujashuka. Hapo najua amejenga kitu ambacho hakuna chuma kitakachompa.

Jambo lingine: siku ya mashindano simwambii chochote kuhusu kiwiko. Ukimwambia mtu afikirie kiungo chake, anakakamaa. Namwonyesha ukingo wa paa la jukwaa, namwambia, "Pitisha ncha pale." Akili ikienda nje, mwili unafanya ulichozoea.

Hadithi ya Yego na YouTube hupenda kusimuliwa kana kwamba intaneti ilimtengeneza bingwa. Ni kweli, akiwa hana kocha wa mkuki alijifunza kwa kutazama video za kina Železný na Andreas Thorkildsen, mrushaji mkuki wa Norway, na hata jina la utani la "Mr. YouTube" likamganda. Ila video inakupa picha ya mwili wa mtu mwingine. Kuigeuza picha hiyo iwe hisi ndani ya nyonga zako ni kazi ya miaka, na wengi waliotazama video zile zile hawakufika popote. Kisha hadithi huruka sehemu ya Finland. Baada ya dhahabu ya michezo ya Afrika kule Maputo 2011, Yego alipata nafasi ya kufanya mazoezi Kuortane chini ya kocha Petteri Piironen, katika nchi ambako mkuki unapendwa kama mbio ndefu kwetu. Macho yalimfikisha mbali, lakini alihitaji pia jicho la pili. Ningependa vijana wetu walipate jicho hilo hapa nyumbani, wala si lazima liwe la Mzungu.

Breki ina gharama yake. Mguu unaosimamisha mwili mzima kwa ghafla unabeba mara kadhaa ya uzito wa mtu, kila mrusho. Olimpiki ya Rio 2016, Yego alifungua fainali kwa mita 88.24, akabaki na fedha nyuma ya Thomas Röhler wa Ujerumani aliyefika 90.30, na akatoka akiwa ameumia kifundo cha mguu. Hata hivyo, miaka minane baadaye, akiwa na umri wa miaka 35, alikuwa wa tano Paris kwa mita 87.72, siku ambayo Arshad Nadeem wa Pakistan aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 92.97. Sentimita 25 mbele ya Beijing ya Yego.

Kwa kijana anayeanza, basi, vyuma vizito siku mbili kwa wiki zinatosha, na visiwekwe kabla ya kurusha. Mirusho ya nguvu zote iwe michache; iliyobaki iwe ya hatua tatu, kwa nusu ya nguvu, miguu ikisikilizwa. Tembea peku kwenye nyasi, simama mguu mmoja ukipiga mswaki, macho yamefumbwa. Maumivu upande wa ndani wa kiwiko ni amri ya kusimama, wala si ya kupaka dawa na kuendelea. Shule haina mkuki? Mpira mdogo mzito unatosha kwa mwaka wa kwanza, mradi mguu wa mbele unakitwa kama nilivyoeleza. Kisanduku naongeza kimo pale tu goti linapoacha kuingia ndani, hata ikichukua muhula mzima.