Kukomaza miche: kwa nini jani la ndani haliliwezi jua la nje

Mche wa nyanya umekulia dirishani kwa wiki nne. Una majani laini ya kijani na shina jembamba lililoinamia upande wa kioo. Jumamosi mwenye nyumba anapata nafasi, anautoa asubuhi, anaupanda bustanini na kuumwagilia maji ya kutosha. Kufika saa nane mchana majani yamelala. Kesho yake yana mabaka meupe, makavu kama karatasi. Jirani anasema ni ukungu, na safari ya kwenda duka la pembejeo inaanza.

Hakuna ukungu hapo. Mche umeungua jua, kwa sababu kuna hatua moja iliyorukwa. Hatua hiyo ndiyo inayoitwa kukomaza miche.

Kukomaza miche ni kuuzoesha hali ya nje, kidogo kidogo, mche uliolelewa mahali pa hifadhi, yaani ndani ya nyumba, ndani ya kitalunyumba au chini ya kivuli cha kitalu. Kazi hiyo huchukua siku saba hadi kumi na nne kabla ya kuupandikiza. Wapo mabwana shamba wanaosema kuimarisha miche, wapo wanaosema kuishupaza, na wakulima wengi husema tu kuizoesha jua.

Neno lenyewe linaweza kupotosha. Tunda hukomaa, mahindi hukomaa, nasi tunaelewa kwamba yamefika mwisho wa safari yake. Mche uliokomazwa bado ni mchanga kabisa. Maana iliyo karibu zaidi ni ile ya vijana wa mtaani wanapoambiana "komaa": jikaze, usilegee. Nalisema hili kwa sababu nimeona miche iliyosahauliwa kwenye trei mpaka ikaanza kutoa maua, mizizi ikizunguka ndani ya kitundu kama uzi kwenye kibiringo, na muuzaji akimwambia mteja kwamba hiyo ndiyo iliyokomaa. Hiyo imezeeka. Ukiipanda hukaa muda mrefu bila kukua, na mara nyingi huzaa kidogo.

Sasa, ni nini hasa kinachobadilika ndani ya mche? Tuanze na mwanga, maana ndio unaoua miche mingi na ndio tunaoupima vibaya kuliko vyote. Jua la saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, hufikia laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Sebuleni, mita mbili tu kutoka dirishani, mara nyingi zinabaki laksi mia chache. Jicho halituambii tofauti hiyo kwa sababu mboni hujibana na kujipanua yenyewe, na sisi tunaona chumba "kina mwanga mzuri". Mche hauna mboni. Jani lililofunguka kwenye mwanga hafifu hutengenezwa kwa ajili ya kukusanya kila tone la mwanga linalopita: huwa pana na jembamba, na nta yake ya juu ni kidogo. Likitolewa ghafla juani linapokea nishati nyingi kuliko linavyoweza kuitumia. Nishati iliyozidi huanza kuharibu mitambo ileile ya kutengeneza chakula, na rangi ya kijani huvunjika. Ndiyo yale mabaka meupe, nayo hayarudi kuwa kijani hata umwagilie vipi.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka, nami naliona ndilo kiini cha dhana yote. Jani likishafunguka na kufikia ukubwa wake, unene wake haubadiliki sana. Linaweza kujirekebisha kiasi, kwa mfano kwa kuongeza rangi za kujikinga, lakini haligeuki kuwa jani la juani. Majani yanayolistahimili jua kweli ni yale yatakayochipua mche ukiwa tayari nje. Kwa hiyo siku zile za kukomaza zina kazi mbili: kuyalinda majani ya zamani yaendelee kuulisha mche, na kuupa mche nafasi ya kutoa mapya yaliyopimwa kwa jua la mahali pale. Ukilielewa hilo unaelewa pia kwa nini kazi hii huhesabiwa kwa siku wala si kwa saa, na kwa nini mche uliotolewa nje mchana mmoja kutwa nzima, kisha ukarudishwa ndani wiki nzima, haukujifunza chochote.

Kioo nacho kina mchango wake. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB, yaani miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho, hivyo mche wa dirishani haujawahi kukutana nayo. Ukianza kukutana nayo taratibu hutengeneza rangi za kujifunika. Ndiyo maana shina la nyanya likikomazwa vizuri mara nyingi huchukua rangi ya zambarau kidogo. Watu huogopa wakiiona, wakadhani mbolea imepungua. Kama mche umesimama wima na majani yake ni mazito, rangi hiyo ni habari njema.

Upepo hutajwa mara chache, wala hausikii huruma. Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea Mark Jaffe aliipa jina tabia ya mimea kubadilisha ukuaji wake inapoguswa au kutikiswa: thigmomofojenesisi. Jina ni gumu lakini jambo lenyewe ni jepesi kulishuhudia. Mche unaotikiswa mara kwa mara hupunguza kurefuka na kuongeza unene wa shina. Mche wa ndani, mahali pasipo na upepo na mwanga unatoka upande mmoja, hufanya kinyume: hukimbilia juu, shina likabaki kama kijiti cha kiberiti, na upepo wa kwanza wa bustanini ukaulaza. Wanaolea miche ndani huweza kuwasha feni kwa mbali, au kupitisha kiganja juu ya miche kwa upole mara kadhaa kwa siku. Husaidia kweli.

Kisha maji. Juu ya jani pana tabaka la nta linalozuia maji kupotea. Pana pia vitundu vidogo, stomata, vinavyofunguka kuingiza hewa na kujifunga pale maji yanapopungua. Ukitaka kuiona nta kwa macho, chukua jani la kabichi la shambani, lile lenye unga wa kijivu kama buluu, ulisugue kwa kidole: unga utatoka, na chini yake utaona kijani kinachong'aa. Mche uliolelewa kwenye hewa yenye unyevu mwingi haukuwa na sababu ya kuweka nta ya kutosha. Ukiutoa kwenye hewa kavu yenye upepo, maji hutoka majani mwake haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, na mche hunyauka huku udongo wake umelowa. Anayeona hivyo huongeza maji, naye anaweza kuishia kuiozesha mizizi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa kilimo hushauri kupunguza maji katika siku saba hadi kumi za mwisho kitaluni. Ushauri ni sahihi, ila husikika vibaya. Kuna wanaoelewa kwamba kukomaza ni kuunyima mche maji tu, basi. Huacha kivuli vilevile, huacha kumwagilia, kisha siku ya kupandikiza huupeleka mche dhaifu kwenye jua ambalo haulijui. Mimi ningesema jua na upepo viwe mbele, maji yafuate. Unapunguza mara za kumwagilia, unasubiri udongo wa juu ukauke, lakini huachi mche ulale chini. Na wenye trei wawe waangalifu zaidi: kitundu cha trei hubeba udongo kiganja tu, mboji ya peat (mabaki ya mimea ya kinamasi) iliyokauka kabisa hukataa kulowa tena, na mchana mmoja wa jua la Dodoma unatosha kumaliza trei nzima.

Kwa vitendo, mimi huanzia chini ya mwembe. Siku mbili za kwanza miche hukaa kwenye kivuli chenye mwanga kwa muda wa saa mbili au tatu za asubuhi, kisha hurudi barazani. Kuanzia siku ya tatu hupata jua la asubuhi hadi saa tatu, siku inayofuata hadi saa nne, na naendelea kuongeza taratibu. Jua la saa sita ndilo la mwisho kuongezwa, siku ya saba au ya nane, na siku mbili za mwisho miche hulala nje. Kukiwa na mawingu mazito siku tatu mfululizo sizihesabu siku hizo kama za jua, hata kama miche ilikaa nje kutwa. Kwenye kitalu cha ardhini hakuna cha kubeba: unaanza kwa kupunguza nyasi za kivuli, unazifungua asubuhi na jioni, mwisho unaziondoa kabisa. Tukumbuke pia kwamba jua letu la karibu na Ikweta hupita karibu kabisa juu ya utosi. Mtu aliyesoma maelekezo ya bustani za Ulaya akayafuata Tanga neno kwa neno atauharakisha mche.

Baridi huingia kwa wale wa nyanda za juu na wale walio ughaibuni. Nyanya, pilipili, matango na matikiti huumia joto likishuka chini ya nyuzi 10, hata kama hakuna barafu, na huwezi kuukomaza mche wa tango ukavumilia jalidi. Njombe mwezi wa Juni na Julai, usiku mmoja unaweza kufuta kazi ya wiki sita. Kabichi ni ngumu zaidi, lakini nayo ina mtego wake: mche mkubwa wa kabichi ukikaa wiki kadhaa kwenye baridi unaweza kukimbilia kutoa maua badala ya kufunga kichwa. Koliflawa iliyobanwa mno kitaluni hutoa kichwa cha ukubwa wa kifungo. Kukomaza kukizidi ni kudumaza.

Kuna mmea mmoja unaoonyesha dhana hii wazi kuliko nyanya, nao ni mgomba uliozalishwa maabara kwa njia ya tishu, yaani uliokuzwa kutoka kipande kidogo cha mgomba mwingine. Hutoka kwenye chupa yenye unyevu uliojaa, umelishwa sukari, majani yake karibu hayana nta na stomata zake hazifungi vizuri. Ukiuweka mezani tu, bila jua lolote, hunyauka. Kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye chumba cha nailoni chenye unyevu mwingi, unyevu ukapunguzwa hatua kwa hatua, kisha chini ya neti ya kivuli, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuuzwa kwa mkulima. Bei yake inayolalamikiwa ina gharama ya wiki hizo ndani yake.

Na kuna mimea inayohesabu urefu wa usiku, ambayo jua na upepo peke yake havitoshi kuieleza. Mfano maarufu ni bangi, ambayo Tanzania na Kenya sheria inaikataza, lakini Kanada, tangu Oktoba 17, 2018, sheria ya shirikisho inaruhusu mimea minne kwa kila kaya, ingawa majimbo yanaweza kuweka masharti makali zaidi. Wakulima wa huko huianzisha ndani kwa taa za saa 18 kwa siku, kisha huitoa nje kwenye wikiendi ya sikukuu ya Victoria Day mwishoni mwa Mei, hatari ya jalidi ikiwa imepungua. Kwa mmea huo, kushuka ghafla kutoka saa 18 hadi saa 15 za mwanga kunaweza kusomeka kama dalili kwamba kiangazi kinaisha. Huanza kutoa maua ukiwa mdogo, kisha siku zikiendelea kurefuka huchanganyikiwa na kurudi kwenye majani. Kwao kukomaza kuna hatua ya ziada: kupunguza saa za taa ndani, taratibu, mpaka zikaribie zile za nje. Kwetu mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mkulima wa nyanya hana haja ya kulifikiria hilo.

Siku ya kupandikiza, mwagilia miche saa chache kabla ili udongo ushikamane na mizizi. Panda jioni, au siku ya mawingu. Kagua shina usawa wa ardhi, maana sota, yaani kiwavi mkata miche, hupenda kukata miche usiku wa kwanza, na mche uliokomazwa, ingawa shina lake ni gumu, haujakingwa naye kabisa. Kama jua ni kali, weka tawi lenye majani upande wa magharibi wa kila mche kwa siku mbili tatu. Mche kulegea mchana wa kwanza na kusimama tena jioni si tatizo. Angalia ncha ya juu: ndani ya wiki moja hivi jani jipya litafunguka, dogo kuliko yale ya dirishani, zito, la kijani kilichokoza. Likishatoka hilo, na kama lile tawi bado lipo, liondoe.