Je, wajua kwa nini mvua ya Kakamega husubiri alasiri?

Siku ya Aprili katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huanza kwa jua mara nyingi. Saa saba mchana mawingu huanza kurundikana, saa tisa ngurumo zinasikika, na ikifika saa kumi vijia vya msituni vimegeuka vijito. Kesho yake ni vivyo hivyo. Mgeni hudhani amekosa bahati, kumbe mvua hii ina saa zake, na anayezijua hulowa mara chache.

Kakamega iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Bahari ya Hindi, lakini hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hutokana na Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Jua la asubuhi hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu ikipanda, hewa baridi yenye unyevu hutoka ziwani kushika nafasi yake. Mtu aliyekaa ufukweni Dunga, Kisumu, adhuhuri huuhisi upepo huo usoni. Kutoka hapo hewa inakwea: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, msitu uko kati ya 1,500 na 1,700 hivi, na mashariki yake miinuko ya Nandi inazidi kupanda. Huko inakutana na upepo unaotoka mashariki kupitia nyanda za juu. Pepo mbili zikigongana, hewa haina pa kwenda ila juu, na huko juu mvuke hupoa na kuwa mawingu mazito. Kazi yote hiyo huchukua saa kadhaa, ndiyo maana asubuhi husalimika.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, upepo huvuma kuelekea ziwani, na dhoruba huzuka juu ya maji. Wavuvi wa omena, wanaofanya kazi kwa taa usiku, wanalijua hilo kuliko mtabiri yeyote.

Mvua hiyo ndiyo iliyohifadhi kipande hiki cha msitu wa aina ya Kongo. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa na mvua zaidi, misitu ya Afrika ya kati ilienea hadi huku. Ukame ulipoikata, Kakamega ikabaki peke yake. Ndiyo sababu utamkuta hapa kulukulu mkubwa wa buluu, ndege ambaye kwa kawaida ni wa misitu ya magharibi na kati ya Afrika. Mashamba nayo yamemega msitu. Eneo lililotengwa kisheria ni kama kilomita za mraba 240, lakini miti ya asili haijafunika hata nusu yake vizuri.

Kwa mtembezi, fika langoni alfajiri. Mbega weusi kwa weupe hunguruma kulipopambazuka, kisha hukaa vileleni wakiota jua kabla ya kuanza kula majani. Tumbo lao lina vyumba vinavyochachusha majani, kwa hiyo wakishashiba hutulia muda mrefu na ni rahisi kuwatazama. Saa sita wengi wamejificha ndani ya matawi, na shingo yako itauma bure. Hondohondo ni afadhali: mbawa zake huvuma kwa sauti kubwa, utamsikia kabla hujamwona. Kima wa De Brazza usimtafute kila mahali; yuko kipande kidogo cha Kisere, upande wa kaskazini.

Kilima cha Lirhanda, upande wa kituo cha msitu cha Isecheno, kipandwe asubuhi. Kileleni hakuna cha kukukinga na radi, na njia ya udongo mfinyanzi huteleza vibaya ukishuka. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya 30, teremka mara moja, na usirudi juu hadi nusu saa ipite bila ngurumo. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Ndani ya msitu mvua ina hila nyingine. Majani ya juu huishika kwanza, kisha huendelea kudondosha maji hata mawingu yakishaondoka, kwa hiyo tazama mahali palipo wazi ndipo ujue kama imekatika. Miti mingi mikubwa ina mizizi mifupi, imetandazwa karibu na uso wa ardhi kwa sababu rutuba iko kwenye safu ya juu. Ile mizizi mipana kama mbavu inayosimama kando ya shina ndiyo inayoushikilia mti. Udongo ukilowa na upepo ukapiga, mti huweza kung'oka mzima. Usipumzike chini ya tawi lililokauka.

Siafu nao hutembea sana wakati wa mvua. Angalia chini kabla ya kusimama kupiga picha: ukiona mstari mweusi unaosogea, uruke, usiukanyage. Chomeka suruali ndani ya soksi. Wakishapanda mwilini, ondoka kwanza hatua kadhaa, ndipo uwang'oe mmoja mmoja kwa kushika kichwa, maana ukivuta mwili utakatika na taya zikabaki zimeng'ata.

Miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari. Ukija Aprili au Mei, vaa gambuti badala ya raba, na uagane na bodaboda akufuate Isecheno kabla ya saa nane. Baada ya mvua barabara ya udongo kuelekea Shinyalu huteleza, na nauli hupanda kwa sababu nzuri.